Mupira Mupana wa Kubebea Mama

Bunia, Shari, tarehe 6 mwezi wa kumi 2002

Kwa Baba mudogo Alphonse, kule Ntoroko,

Kama barua hii inanuka samaki usinikasirikie, mimi naiandika na mikono safi. Mama Dorothée ndiye ataipeleka mu kitunga chake cha samaki mupaka Kasenyi, na kutoka pale itavuka ziwa na watu wa mitumbwi. Siye ku Shari tuko wazima. Mama anakula, anasali, anagombana na jirani juu ya mbuzi, ni kusema afya iko. Muguu wake wa kushoto tu ndio unakataa kupona tangu alipoanguka ku kisima. Anatoka kitandani mupaka mulangoni, basi. Kanyere wa hapa jirani alizaa mutoto mwanamuke. Masomo yalifunguliwa, nimerudi kufundisha, ijapokuwa madawati mengi walikwisha kuyafanya kuni. Mama mudogo Félicité na watoto wako namna gani?

Sasa nifike ku neno lenyewe. Ile pikipiki nyekundu yenye marehemu kaka Delphin alituachia, ile ndogo ya sport yenye alinunua na zahabu ya Mongbwalu, imesimama mu nyumba bila mupira wa nyuma. Ule wa zamani umekwisha kabisa, nyuzi zinaonekana. Wa kipimo chake hauko Bunia nzima, juu barabara ya Kasenyi inafungwa na kufunguliwa vile wenye bunduki wanataka. Lakini Osée, yule kwado mwenye kuziba mipira karibu na soko, ananiwekea mumoja mupana wenye ulitoka ku pikipiki kubwa. Wetu uliandikwa 100, huu umeandikwa 130. Duara la ndani ni sawasawa. Osée anasema utaingia. Weye ndiye fundi wa familia, njo nakuuliza.

Usifikiri nataka kujionyesha mu mji. Mwezi wa nane, wakati risasi zilianza kulia, Shari nzima ilikimbia, na mimi nikamusukuma mama mu toroli ya Kanyere. Gurudumu likakwama mu mutaro, watu wakatupita, na siye tukalala mu shamba la muhogo mupaka wale watu wakachoka na kazi yao. Nilimufunika mama na majani na nikasikia haya, Baba mudogo, haya kuliko woga. Sitamusukuma tena mu toroli. Nataka mupira wenye kubeba watu wawili, na mama unamujua, haiko mwepesi.

Mutoto wa kaka yako,
Lydie

*

Ntoroko, tarehe 10 mwezi wa kumi na moja 2002

Mutoto wangu Lydie,

Barua ilifika, na kweli ilinuka. Huku tuko vizuri. Félicité anakusalimia, watoto wanasoma, mimi natengeneza injini za mitumbwi toka asubuhi mupaka macho yachoke. Usalimie Kanyere na mutoto wake, usalimie Osée, usalimie pasta, Nicolas na bibi yake, na wote wenye kuniuliza.

Jibu langu ni hapana. Osée anajua kuziba matundu, hajui pikipiki. Janti ya hiyo ndogo, ile chuma ya duara yenye kushika mupira, ni nyembamba. Ukiweka 130 juu yake, mupira utabanwa kandokando na utapanda katikati sawa mutu munene mwenye kuvaa suruali ya mutoto. Ku kona pikipiki itakataa kuinama, halafu itainama mara moja na weye uko chini. Pili, mupira utagusa shene, ule munyororo wa kuzungusha gurudumu. Shene itaukata, ao mupira utaitoa shene, na vyote viwili ni kifo. Tatu, injini yenyewe ni ndogo, itachoka kusukuma uzito ule. Waliotengeneza ile pikipiki hawakuwa wapumbavu.

Na pikipiki ya nini? Mupande gari la samaki siku barabara inafunguka, mufike Kasenyi, nitatuma mutumbwi wenye injini nzuri. Nyumba yangu iko na vyumba vitatu na mabati mapya. Kimoja kitakuwa cha mama yako. Wazee wetu wengi walikimbilia huku. Mukifika nitachinja mbuzi mbele yao, na neno lenye kungoja tangu kaka yangu afe litakwisha kwa heshima. Mimi ni mwenye kuvumilia, lakini vita haivumilii.

Baba yako mudogo,
Alphonse

*

Bunia, tarehe 15 mwezi wa kumi na mbili 2002

Baba mudogo,

Noeli njema kwako na nyumba yako. Hapa Noeli itakuwa ya maharagwe, na tutashukuru. Mutoto wa Kanyere anacheka sasa. Pasta alipona malaria. Osée anakusalimia pia, anasema matundu ndiyo yamemulisha mupaka leo.

Nilisomea mama barua yako yote. Umesalimia watu wa Shari mumoja mumoja, ulibakiza kuku tu, lakini jina la mama yangu halikutoka ku kalamu. Yeye alisikia. Aliendelea kuchagua mawe mu muchele na akaniambia nisome tena pale pa mbuzi.

Basi tuseme wazi, juu karatasi haina masikio ya jirani. Mbuzi ule ni wa kumurithi. Baba alipokufa ulisimama mulangoni na wazee ukasema mujane wa kaka yako sasa ni wako, na mama akakuambia mbele yao kwamba aliolewa mara moja na inatosha. Tangu siku ile hamuzungumuzi. Na kila mutu wa kwetu anajua: mujane akiingia mu lupango, mu kiwanja cha nyumba ya shemeji yake, na kulala mule na kula ku moto wake, amekubali, hata kama hakufungua kinywa. Ndiyo maana mama alilala mu muhogo mwezi wa nane na hakutaka kusikia neno Ntoroko. Weye unamuita kukimbia vita, lakini mulango wenye unafungua ni ule ule yeye alifunga. Anasema hivi, naandika vile alisema: «Mwambie risasi haijui jina langu, yeye analijua, njo namuogopa yeye zaidi.»

Sasa mupira. Niliuweka. Osée alinisaidia, tulitumia maji ya sabuni na vyuma viwili na matusi mengi. Niliipeleka barabara ya uwanja wa ndege, mimi peke yangu, na watu wote wakiangalia mwalimu mwanamuke juu ya pikipiki ya vijana. Ilienda vizuri mupaka karibu na mulima mudogo, halafu ikaanza kulia na kunuka kuungua. Shene ilikuwa inakula mupira. Niliisukuma mupaka nyumbani, na wale wenye kucheka walicheka. Wacheke. Osée hakukosea ku kila kitu: mama alikaa nyuma mu lupango, nikatikisa, na mupira haukulala. Sitautoa.

Lydie

*

Ntoroko, tarehe 2 mwezi wa pili 2003

Lydie,

Huku tuko vizuri. Félicité anasalimia.

Nilisoma barua yako na nikaiweka, nikaisoma tena. Nani alikufundisha kumuandikia baba yako hivi? Mimi ndiye nilikulipia masomo yenye unatumia leo kunitukana. Sikumuomba mama yako kitu kibaya. Niliomba chenye baba yangu aliomba na baba yake aliomba, mujane asibaki peke yake sawa mutu asiye na ukoo. Kunikatalia mbele ya wazee, hilo lilinivunja, na hakuna mutu mu familia alinipa pole. Andika hilo pia, juu karatasi haina masikio.

Ile pikipiki ni mali ya familia. Mimi ndiye mukubwa wa familia. Nimemuandikia Nicolas, kijana wa ukoo wetu, aje aichukue na aiweke kwake mupaka amani. Utamupa bila maneno. Halafu mutangoja gari la samaki.

Alphonse

Shene ilikuwa inagusa upande wa juu ao upande wa chini? Na plastiki yenye kufunika shene, muliitoa ao muliacha?

*

Bunia, tarehe 20 mwezi wa tatu 2003

Baba mudogo,

Tuko wazima, na mwezi huu neno lile siliandiki kwa mazoea. Mapigano yalirudi mu mji. Tulilala chini ya kitanda, mama, Kanyere, mutoto, na mimi. Nyumba ya pasta iliungua, yeye iko muzima. Masomo yamefungwa tena.

Pole, Baba mudogo. Nasema kweli. Hakuna mutu alikupa pole siku ile, na mimi nilikuwa mukubwa wa kutosha kukupa. Lakini pole haiko ndiyo.

Nicolas alikuja kuchukua pikipiki. Nilimupa chai. Alipoingia mu chumba alikuta mama amekaa juu ya kiti cha nyuma cha pikipiki, muguu wake mubaya umewekwa juu ya stuli, anashona. Mama akamuambia: «Beba, mutoto wangu, lakini beba vyote viwili pamoja.» Nicolas aliangalia pikipiki, akaangalia mama, akamaliza chai yake na kwenda. Amekuandikia? Nafikiri hakukuandikia.

Shene inagusa upande wa chini, kule mbele, karibu na pale mikono ya chuma inaanza kuwa myembamba. Plastiki tulitoa. Osée alichonga pia bawa la kukinga matope. Bado inagusa. Kidole changu kidogo hakipiti.

Sasa mimi pia niko na swali. Mama Dorothée alikaa na siye hapa wakati barabara ilifungwa, na chenye weye hukuniambia, yeye aliniambia. Anasema upepo wa ziwa ulibeba mabati yako yote mbele ya Noeli, na kuta zikalala na mvua. Anasema Félicité alichukua watoto akaenda kwa wazazi wake Hoima na hajasema atarudi lini. Anasema weye unalala chini ya mutumbwi wenye kupinduliwa, pale pwani, pamoja na injini za watu. Na barua yako ya mwezi wa pili inasema muko vizuri, Félicité anasalimia. Unatuita ku nyumba gani, Baba mudogo?

Mama hajui. Sikumuambia. Najua angecheka, na sikutaka acheke.

Lydie

*

Ntoroko, tarehe 18 mwezi wa ine 2003

Lydie,

Mu kitambaa hiki muko na vipande viwili vya shene na kifungio chake. Ni vya kipimo chenu, nilivitoa ku pikipiki ya zamani ya muvuvi mumoja. Usimupe Osée afanye peke yake, usimame pale.

Mikono ya chuma yenye kushika gurudumu la nyuma inakuwa mipana kule mwisho na myembamba kule mbele. Gurudumu lako limekaa mbele sana juu shene ni fupi. Ukiongeza vipande hivi viwili, shene itakuwa ndefu, utavuta gurudumu nyuma mupaka karibu na mwisho wa tundu, na mupira utapata nafasi. Ni mupaka kidole kidogo kipite pande zote mbili, na mutu akiwa amekaa nyuma, haiko pikipiki tupu. Kama hakipiti, usiende. Uangalie gurudumu lisimame sawasawa, lisielekee upande, pima na kamba toka nyuma mupaka mbele. Kaza breki upya, juu fimbo yake itakuwa imevutwa.

Upepo utie mwingi kuliko ule wa zamani. Ku kona usiilaze sawa Delphin. Punguza mbele ya kona, geuza polepole, ukae wima. Mutu asiyeizoea asiipande, itamuangusha. Ku mulima gia ya kwanza, usione haya.

Hii inawezesha kufika mbali. Barabara ya Komanda na Beni, watu wanasema bado iko na njia. Sikusema muende. Nasema pikipiki inaweza.

Ulisema kidole hakipiti. Ni swali hilo lenye nimejibu.

Umusalimie Joséphine.

Alphonse

*

Beni, tarehe 11 mwezi wa sita 2003

Kwa Baba mudogo Alphonse,

Nakuandikia mbele ya nyumba ya muti na udongo yenye harufu ya udongo mubichi, ku mutaa wenye sijajua jina lake vizuri. Barua hii inapita Kasindi na dereva wa lori, haitanuka samaki. Mama iko. Mimi niko. Kanyere na mutoto walifika nyuma yetu na miguu, wiki nzima, wako hapa karibu. Osée hatujui. Pasta hatujui. Uwaombee.

Barua yako ilifika mwanzo wa mwezi wa tano, na Mama Dorothée akasema ndiyo ya mwisho ataleta, anavuka yeye mwenyewe. Tuliweka vipande vile jioni ile. Mama alikaa nyuma na mimi nikapitisha kidole. Kilipita juu, kilipita chini, kilipita kushoto na kuume. Nilimusomea barua yako yote, pamoja na mustari wa mwisho, wenye jina lake. Akaniambia nifunge shene vizuri.

Siku mji ulichinjana kweli, asubuhi, hatukungoja. Nilimufunga mama mugongoni na kitenge, sawa vile mutu anabeba mutoto, juu kile kiti cha nyuma kiko juu sana na hakina fasi ya kushika. Yeye mukubwa hivi, alisali mu sikio langu na kunielekeza barabara kama vile ni yeye anaendesha. Watu walikuwa wengi barabarani, na godoro, na masufuria, na wazee juu ya baiskeli. Pikipiki ilikuwa inalia ku kila mulima, gia ya kwanza, na sikuona haya. Mupira haukugusa kitu. Baba mudogo, mule mote mu matope ya Komanda haukugusa kitu.

Mbele ya kufika Komanda tulikuta barière, kizuizi cha kufunga njia. Wanaume wenye silaha, wamelewa. Mumoja, mwenye ndevu na kofia ya sufu, aliipenda pikipiki mara moja na akatuambia tushuke. Nilisema hapana. Neno lilitoka tu, sikulipima. Aliweka bunduki ku kifua changu, na mama akafungua kitenge, akashuka yeye mwenyewe na muguu ule, akakaa ku mawe ya barabara na kuniambia: «Mupe ajaribu. Ikimukubali, ni yake.» Nilifikiri amechoka na maisha. Yule mutu alipanda, akaipiga moto, akaenda mbio kuonyesha wenzake, akafika ku kona pale mbele na kuilaza sawa vile vijana wanafanya. Ilikataa kuinama, halafu ikainama mara moja. Alitoka mu mutaro na matope mupaka mu meno. Wenzake walicheka mupaka mumoja akakaa chini. Mimi sikucheka, nilikuwa naangalia bunduki yake, na yeye aliangalia mama kwa muda murefu. Mama akamuambia, kwa sauti ya kumutuma mutoto maji: «Iko na wenyewe wayo, mutoto wangu. Tusaidie kuisimamisha.» Waliisimamisha. Kioo kimoja kilivunjika na breki ya mbele ilipinda. Tulipita. Nilianza kulia baada ya kilometa nyingi, na mama akanigonga ku kichwa juu sikuona shimo.

Hapa Beni mama mumoja wa kanisa, anaitwa Emerance, alitupa kipande cha lupango yake. Nyumba hii tulijenga, chumba kimoja na baraza, mama akikanda udongo na mikono akiwa amekaa. Juu tuliweka plastiki. Anauza mandazi mulangoni. Mimi nabeba watu na pikipiki toka soko mupaka ku mutaa wa juu, na wanaume wenye kubeba watu walinitukana wiki ya kwanza, wiki ya pili wakaniuliza nilipata wapi mupira wa namna ile. Niliwaambia nina fundi Ntoroko.

Sasa nifike ku neno lenyewe. Nilivunja ahadi yangu ya kimya, nilimuambia mama habari ya mabati, na Félicité, na mutumbwi. Hakucheka. Alikaanga mandazi yote ya siku ile. Halafu Mama Dorothée alituma neno na watu wa Kasindi kwamba homa imekushika na bado unalala pale pale pwani. Nikamuuliza mama: tufanye nini? Aliniambia nikuandikie uje. Baraza iko, tutaifunga na mukeka. Vyombo vyako ulete, hapa pikipiki ziko nyingi na mafundi ni wabaya.

Nikamukumbusha desturi. Nikamuambia, mama, watu wa kwetu wako hapa pia, watasema nini wakiona Baba mudogo analala mu lupango yako na kula ku moto wako? Aliwaza. Wala hakuwaza sana. Alijipangusa unga ku mikono na kuniambia niandike vile anasema, nisibadilishe kitu:

«Mwambie aje. Akilala kwangu, basi mimi ndiye nimemurithi.»

Mutoto wenu,
Lydie